Wakili Asiye wa Kwetu

Mama yangu haanzi simu bila salamu. Kwetu Garissa salamu peke yake ni safari: afya yako, afya ya watoto, mvua, mbuzi, kisha afya yako tena, kana kwamba ya kwanza hukuijibu vizuri. Kwa hiyo siku aliponipigia na kusema tu, "Njoo, kuna watu wanapima nyumba yangu," niliacha insha za kidato cha tatu mezani, nikamwambia mwalimu mwenzangu anilindie darasa, nikasimamisha bajaji nje ya lango la shule.

Nyumba yenyewe si ya kutajwa kwenye magazeti. Ni vyumba viwili vya matofali, jiko la mabati, choo cha shimo nyuma, na ua wa miiba ambao mama huufanyia matengenezo kila baada ya mvua. Kuna mwarobaini mmoja aliouotesha mwaka niliozaliwa mimi, na kivulini mwake ndipo tulipolelewa sote, watoto watano. Baba alikuwa dalali wa ng'ombe na ngamia kwenye soko la mifugo. Alipewa ile ploti na baraza la mji wakati upande ule wa bula, yaani mtaa wetu, ulikuwa vichaka vitupu, akaachiwa barua ya ugawaji yenye muhuri. Barua hiyo mama aliilaza kwenye sanduku la bati, chini ya nguo za Idi, na hapo ikalala hata baada ya baba kufariki.

Nilipofika, wanaume wanne walikuwa wanapigilia vigingi. Mabati mapya yalikuwa yamepangwa kando ya ua wetu, na aliyesimama kuyasimamia alikuwa mtu ambaye sikuhitaji kuuliza ni nani. Alikuwa dalali pamoja na baba, mdogo wake kwa umri, na baba ndiye aliyemfundisha kazi. Kwa miaka mingi alikula chakula cha mchana kwetu zaidi kuliko alivyokula kwake. Baadaye aliingia kwenye biashara ya saruji na sukari, akanenepa, akawa mtu wa kuitwa "haji" kabla hata hajaenda kuhiji. Mama humwita mwanangu, naye humwita mama edo, yaani shangazi.

"Edo, mimi sina fita na wewe," alikuwa akimwambia mama kwa upole kabisa. "Lakini karatasi ni karatasi. Hii blot ni yangu. Nataka kujenga stoo."

Alikuwa na barua ya ugawaji yenye nambari ya ploti yetu na jina lake yeye. Mama akaingia ndani, akatoka na barua yake ya zamani. Yule mtu akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akairudisha kwa mikono miwili vilevile.

"Hii jina haiko, edo. Angalia kitambulisho ya marehemu. Huyu mtu wa hii karatasi hakuna."

Nilimwita jina ambalo mwalimu hapaswi kulitamka, na mama akanikanyaga mguu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halihitaji kuelezwa. Sisi tuna majina matatu ya kwenye kitambulisho, na tuna jina moja la kweli. La kweli ni lile uliloitwa kwa kilema chako, au kimo chako, au kituko ulichofanya ukiwa na miaka saba. Baba alipokuwa mchanga fisi aliingia uani na kumng'ata sikio la kushoto, akaondoka na kipande. Tangu siku hiyo aliitwa kwa sikio hilo. Msikitini, sokoni, kwa daktari wa mifugo, kote alikuwa mtu wa sikio, na wala hakuona haya. Jina hilo sitaliandika hapa, wanaolijua wanalijua. Karani wa baraza alipomuuliza "unaitwa nani?" siku ile ya kugawa viwanja, baba alijibu kama alivyomjibu kila mtu aliyewahi kumuuliza. Karani akaandika, muhuri ukagongwa. Makosa hayo hawezi kuyafanya mtu mwingine duniani isipokuwa sisi, na tuliyafanya kwa moyo mweupe.

Jioni hiyo familia ilikutana chumbani kwa mama. Kaka yangu mkubwa, mwenye duka Eastleigh, Nairobi, alishiriki kwa simu iliyowekwa juu ya mto. Na swali la kwanza, kabla hata chai haijamiminwa, lilikuwa: "Wakili wetu ni nani?"

Si wakili mzuri, wala wakili anayejua mambo ya ardhi. Wakili wetu, maana yake wa ukoo wetu. Yupo, tena anaheshimika, na kesho yake nilikuwa ofisini kwake. Alinikaribisha kama dada, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akazungumza juu ya sikio la baba mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Akasema, "Hii ni kesi ya nyumbani. Niachie mimi." Sikusaini chochote wala yeye hakuandika chochote. Kwani ndugu huandikiana?

Tukamwachia. Mwezi ukapita, na mwingine. Kila nilipompigia aliniambia tuwape wazee nafasi, wazee watakaa maslaha, kikao cha suluhu, mambo yataisha bila kelele. Kweli wazee walikaa mara mbili. Mara ya pili walipendekeza ploti igawanywe katikati, kila upande uchukue nusu, watu wapeane mikono. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza, "Nusu yangu ni ipi, jikoni au kitandani?" Wazee wakatafuta viatu vyao. Na mabati yalikuwa bado yamepangwa pale, yanapiga kelele kila upepo ukivuma.

Mwezi wa sita nilimuuliza mama, tukiwa tunachagua mchele, kwa nini anadhani wakili wetu haendi kortini. Alisema bila hata kuinua macho, "Ataendaje? Dada yake ameolewa na mdogo wa yule mwenye mabati."

"Ulijua?"

"Mji mzima unajua. Nilidhani na nyinyi mnajua."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupasua sinia. Miezi sita! Tuliuliza kama ni wetu, wala hatukuuliza ni wa nani mwingine. Nilikwenda kwake siku hiyohiyo, nikiwa nimeandaa hotuba njia nzima, lakini aliponiona uso alinyoosha mkono kunituliza na kusema ukweli, na ukweli ulininyang'anya hotuba.

"Dada yangu, nikiifungua hiyo kesi, Idi sina pa kula. Nilikuwa sijui nitakwambiaje." Alikuwa mnyonge kweli. Nilipofika mlangoni akaniita. "Sikiliza. Tafuta mtu ambaye hapa hakuna wa kutumwa kwake. Mimi kila siku natumiwa mzee."

Ushauri huo, nasema kwa haki, ndio kazi aliyotufanyia, na ulikuwa mzuri.

Kaka yangu hakukubali. Yeye alikwisha kupata wakili Nairobi, mtu wa ghorofa ya tisa, ambaye alizungumza nami kwa simu dakika nne. Alitaka cheti kinachothibitisha kwamba mwenye jina la barua na mwenye jina la kitambulisho ni mtu mmoja. Nilimweleza kuhusu fisi. Akarudia: tuma cheti. Nilimwambia serikali haitoi cheti cha sikio, nikakata simu. Kaka alinikasirikia wiki nzima, na mimi nilifurahia kila siku ya wiki hiyo.

Sasa nikaamua kutafuta mwenyewe, kwa njia niliyoijua. Baba hakuwahi kumkagua ng'ombe mbele ya muuzaji. Alikaa mbali, kwenye kibanda cha chai, akamtazama mnyama akienda majini bila kujua kwamba anatazamwa. Alisema ng'ombe aliyeshikwa kamba kila mmoja ni mzuri. Shule zilipofungwa nilinunua daftari jipya, nikaenda mahakama ya ardhi, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Nilikaa siku nane. Askari wa mlangoni alidhani mimi ni mwandishi wa habari, akaanza kuninyooshea kola yake kila nikiingia.

Niliona mengi. Niliona wakili mwenye sauti ya kutikisa madirisha ambaye kila kesi yake iliahirishwa, na mwenye kuomba iahirishwe alikuwa yeye. Niliona mwingine ambaye Kiingereza chake kilikuwa kitamu kama halua, lakini jaji ndiye aliyemkumbusha jina la mteja wake. Wote niliwapa alama pembeni ya ukurasa, ualimu hauishi. Hakuna aliyefika hamsini.

Siku ya saba alisimama mwanamke mfupi, joho jeusi juu ya hijabu nyeusi, faili moja mkononi. Shahidi wake alikuwa mfugaji mzee kutoka upande wa Buna, na kesi ilikuwa ya kisima. Mzee alianza kuhadithia kisima tangu kilipochimbwa na watu ambao walikuwa wamekufa wote. Mawakili wengine walitazama saa. Yule mwanamke hakumkatiza hata mara moja. Mzee alipomaliza, alimsomea kwa Kisomali yote aliyoyasema, jambo baada ya jambo, kisha akamuuliza, "Nimekosea wapi?" Mzee akafikiri, akasema alikosea mahali pamoja tu, ngamia waliokuja kunywa siku ile hawakuwa wa shemeji yake bali wa jirani. Wakili akaandika. Nami nikafunga daftari. Siku ya nane nilirudi kuhakikisha tu, na alikuwa yuleyule.

Nje ya mahakama kuna mama muuza chai anayejua habari za kila mtu anayeingia pale. Nikamuuliza habari za yule wakili.

"Huyo? Wa Lafey huko Mandera, mbakani. Maskini, hapa hana mtu."

Alisema kwa huruma. Mimi nilisikia kana kwamba ananisomea shahada yake ya pili.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la magodoro, chumba kimoja, feni moja, na kabati la faili lililopangika hata nikaona aibu kwa lile la shule yetu. Niliketi, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile nilichokuwa nimewasema watu wote kwa ajili yake.

"Wewe ni wa nani?"

Akavuta faili tupu. "Mimi ni wa faili," akasema. "Hilo lingine niulize kesi ikiisha."

Kisha akaanza kuuliza yeye. Nani analala pale leo? Choo kilichimbwa na nani? Mti ulioteshwa mwaka gani? Nani aliwahi kuomba ruhusa ya kupitisha bomba la maji, na alimwomba nani? Alinipa karatasi ya makubaliano, akaningoja niisome yote, hata maandishi madogo. Mwishoni akaweka kalamu chini.

"Marehemu aliitwa nani sokoni?"

Nikamwambia. Akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Baba yangu mimi, kwenye karatasi za serikali ni watu watatu," alisema. "Na mmoja wao ana mguu mfupi."

Nilishuka ngazi zile nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mabati yaje. Nilijua. Sikujua tutashinda, lakini nilijua nimempata.

Nyumbani ilikuwa vita. "Umetuchukulia mtu wa Mandera?" kaka alifoka kutoka juu ya mto. "Watu watasema sisi hatuna watu!" Nilimjibu kwamba watu tulionao wametukalisha miezi sita tukinywa chai, na kama anataka watu zaidi, aende akawanywee chai yeye. Mama alitusikiliza, kisha akauliza swali moja tu kuhusu wakili wangu: "Huwa anakula nini?"

Wakili alikuja kuiona ploti Jumamosi. Alikaa na mama mkekani saa mbili, akaandika kila kitu, na sahani ya wali na nyama ya mbuzi aliiambia ingoje mpaka amalize. Kisha akaila yote, akaomba ndizi. Alipoondoka mama alisema, "Huyu ni mtu wa kazi," na kaka hakupata tena mtu wa kumuunga mkono nyumba nzima.

Amri ya kusimamisha ujenzi ilipatikana mapema. Jina ndilo lililobaki, na jina ndilo lililokuwa kesi yenyewe. Kama korti haingekubali kwamba mtu wa sikio na mtu wa kitambulisho ni baba yangu mmoja, basi barua ya mama ilikuwa ya mtu asiyekuwepo, na mama, mwenye miaka yake sabini na kitu, angehamia kwenye nyumba yangu ya ualimu yenye chumba kimoja na kulala akitazama ukuta. Nilijaribu kumfikiria pale. Sikuweza.

Tulihitaji mashahidi wa kuapa kwa maandishi. Nikaenda soko la mifugo kwa madalali wa rika la baba, wale waliomwita jina lile mara mia kwa siku. Walinipokea vizuri, wakamwombea rehema, wakamwita mbele yangu kwa jina hilohilo. Nilipotoa karatasi, kila mmoja akakumbuka safari. Mmoja aliondoka kwenda kuuza mbuzi Dagahaley akiwa hajamaliza chai yake. Mwingine, rafiki mkubwa wa baba, aliniambia wazi: "Binti yangu, nyote wawili ni watu wetu. Mimi nikiweka kidole hapa nitakuwa nimekata mkono mmoja. Siwezi kuandika juu ya mtu wetu." Nilirudi na karatasi nyeupe kama zilivyotoka, nikalia kwenye bajaji kwa hasira, dereva akageuza kioo asinione.

Wakili hakushtuka. "Nilijua hawataandika," alisema. "Kwetu mtu anaweza kukukana kwenye karatasi, maana karatasi haina uso. Siku ya kesi mlete mama. Akae mbele."

Mama hakuwahi kukanyaga kortini. Kwake ni mahali watu wanapokwenda kuvuliana nguo hadharani. Ilinibidi nimbembeleze siku tatu. Asubuhi ya kesi tulifika mapema, na langoni tukakutana uso kwa uso na yule mfanyabiashara, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kabla sijamvuta mama pembeni, alikwisha simama.

"Mke wako ametoka hospitali?"

"Alitoka jana, edo. Alhamdulillahi."

"Mpe supu ya mifupa. Asinyanyue maji."

Nilichemka. "Hooyo, huyu ndiye anayekutoa nyumbani kwako!"

"Na mke wake anaumwa," mama alijibu, akaingia.

Chumba kilijaa. Bula nzima ilikuja, pamoja na madalali wale wa safari, ambao siku hiyo hakuna aliyekuwa na mbuzi wa kuuza. Mfanyabiashara alipanda kizimbani na kutoa ushahidi kwa Kiswahili chake cha sokoni, kinachotosha kuuza chochote. Aliongozwa vizuri na wakili wake: barua yake, muhuri wake, na kwamba jina la kwenye barua yetu hakulikuta katika kumbukumbu zozote. Ulikuwa ushahidi safi.

Wakili wangu akasimama na faili lake moja. Hakulifungua.

"Unamwona mama aliyekaa pale mbele?"

"Namwona."

"Unamfahamu?"

Feni ilikuwa inazunguka na mtu fulani alikuwa anakohoa. Mfanyabiashara alimtazama mama, na mama akamtazama yeye bila ubaya wowote, kama anavyomtazama mtu aliyechelewa chakula cha mchana. Ningekuwa mimi nimekaa pale, angepata nafuu. Mimi ni rahisi kukanwa.

"Namfahamu," akasema. "Ni edo yangu. Ni bibi ya marehemu..." Na akalitaja. Jina la sikio, zima, kama lilivyotajwa sokoni miaka yote.

Wakili wake akanyanyuka nusu. Wangu hata hakugeuka.

"Marehemu nani? Taja tena, korti iandike."

Alifuta uso kwa kitambaa. Alikuwa dalali, na dalali huona bei kabla haijatajwa. Najua aliona swali linakokwenda. Angeweza kusema jina la kitambulisho. Angeweza kusema amesahau. Akalitaja mara ya pili, polepole, mwandishi wa korti akaandika.

"Ndiye aliyekufundisha kazi ya udalali?"

"Ndiye yeye."

"Alikuwa akiishi wapi?"

"Hapo hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwa hiyo blot," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Nimejiuliza mara nyingi kama aliteleza au alichagua. Naamini alichagua. Kumwambia mama aliyemlisha kwamba mume wake hakuwahi kuwepo, akiwa anamwangalia, na majirani wote wamekaa nyuma, lilikuwa jambo lililomshinda. Simpi sifa kwa hilo. Kwenye karatasi halikumshinda hata kidogo, tena alilifanya kwa muhuri. Lakini chuki niliyokwenda nayo kortini sikurudi nayo yote, na hilo liliniudhi pia.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi michache. Barua yake ilifutwa, yetu ikasimama. Aliyaondoa mabati yake mwenyewe, akaja kumuaga mama kana kwamba alikuwa mgeni aliyekaa sana. Mama alimpa chai. Mimi nilikataa kuketi, nikanywa yangu nimesimama, ili ijulikane.

Likabaki jambo la hatimiliki. Kwa Kadhi, mirathi ya baba iligawanywa inavyopaswa kugawanywa, na sisi watoto watano tulisema mbele yake kwamba hatutaki chochote cha ploti ile wakati mama yu hai. Hapo tulikuwa kitu kimoja. Ila nyumbani kaka alisafisha koo. Safari hii alikuja mwenyewe, bila mto.

"Basi tuandike jina langu kwa niaba ya wote. Itakuwa rahisi."

Wakili alikuwa anamalizia ndizi. "Rahisi kwa nani?" akauliza. "Mmehangaika kortini miaka miwili kwa sababu aliyeandikwa si yule mnayemwona. Anayekaa pale ni nani?"

Kaka akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na nia mbaya. Hivyo ndivyo ilivyofanyika siku zote, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Mimi ndiye ninayekaa pale," mama akasema.

Siku ya kwenda ofisi ya ardhi alioga mapema na kuvaa guntiino yake ya harusi za watu, na juu yake shela kubwa. Tulimsindikiza sote, tukajaza chumba hata karani akaomba wengine tusimame nje ya mlango. Hakuna aliyesogea. Karani alikuwa kijana mpole wa kutoka bara, akavuta fomu, akabonyeza kalamu.

"Jina kamili, mama?"

Maisha yake yote amekuwa mama wa fulani au mke wa fulani. Hata majirani wengine hawalijui jina lake. Nilimwona akiketi sawasawa kitini. Alitaja jina lake, akataja la baba yake, akataja la babu yake, karani akayaandika yote matatu na kunyanyua kalamu. Lakini mama hakunyamaza. Kwetu mtoto hufundishwa kuwahesabu mababu kabla hajafundishwa kuhesabu mbuzi, na sisi watoto wake tulifundishwa kuwahesabu wa baba. Wake yeye sikuwahi kumsikia akiwahesabu. Akaendelea, wa nne, wa tano, wa sita, kwa sauti ileile isiyo na haraka, macho yake yakiwa kwenye fomu. Alifika wa kumi na moja.

"Mama," karani alisema taratibu, "hapa nafasi ni ya majina matatu tu."

"Wewe andika matatu," mama alimjibu. "Hao wengine nawaambia tu, wajue."